Sufuria ya Kopi

Nyumbani kwa shangazi zilipikwa sufuria mbili. Ile kubwa, iliyokuwa imeng'oka mkono mmoja, ilipika chakula cha watu wote: nyama, kitunguu, mafuta, chumvi ya kutosha. Ya pili ilikuwa ndogo na imara, mfuniko wake unaziba sawasawa, na humo ndani zilichemka mboga za majani zisizotiwa kitu, maharage yasiyoungwa, na kipande cha samaki siku ambayo shangazi alikuwa na huruma. Hiyo ilikuwa ya mtu mmoja tu. Ilikuwa ya Kopi.

Jina la Kopi alilipata siku ya msiba wa mama yake. Alikuwa mtoto bado, amekaa kwenye kona ya sebule iliyojaa kina mama, na mmoja wao akamshika kidevu, akamgeuzia uso dirishani kwenye mwanga.

"Jamani, huyu ni marehemu mtupu. Tazameni macho. Tazameni hilo paji la uso. Hapa hakuna mtoto, hapa kuna kopi."

Wenzake wakaguna, wengine wakafuta machozi. Kisha wakamvuta dada yake mkubwa, naye wakamshika kidevu. Dada alikuwa na taya pana na nyusi nzito, na akitembea alitanguliza kifua kama baba yao, fundi mwashi.

"Huyu kamchukua baba. Mwone anavyosimama. Huyu ni mzee kabisa."

Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachotoka huku pua inavuja. Toka siku hiyo mkubwa akaitwa Mzee na mdogo akaitwa Kopi, na majina ya shuleni yakabaki shuleni.

Yangeishia hapo ungekuwa utani tu. Lakini mama yao alikufa kwa kansa ya titi, na kabla yake dada wa mama alikufa kwa hiyo hiyo. Shangazi, ambaye ndiye aliyewachukua wasichana wale kwa sababu kaka yake, baba yao, alikuwa mtu wa kuhamahama na majengo, hakuwa mwanamke wa kuona hatari inakuja akakaa amekunja mikono. Aliuliza kila aliyekutana naye. Muuguzi wa wodi alimwambia mabinti wa mama kama huyu wakikua lazima wawe wanapimwa. Mwingine akamwambia nyama. Mwingine sukari. Mwingine mafuta yanayokaangiwa mara ya pili na ya tatu. Shangazi akayakusanya yote, akayashona pamoja, ikatoka sheria moja: ugonjwa uko upande wa mama, na aliyemchukua mama ni Kopi. Kwa hiyo Kopi atakula sufuria ndogo, na akikua Kopi atapelekwa kupimwa. Mzee ni wa baba, na ukoo wa baba hauna maradhi hayo. Hata baba mwenyewe alipokuja kufa, aliteleza kwenye ubao wa jengo akiwa mzima kama chuma.

Hakuna aliyehoji. Jambo lenyewe lilikuwa linaonekana kwa macho, usoni.

Mzee alikula. Alikula nyama na mfupa na supu ya mfupa, akanawiri, akawa na mikono ya nguvu na sauti inayofika kwa jirani. Kopi alikonda, akawa na sauti ya kunong'ona, mtu ambaye akiingia chumbani watu wanaendelea na mazungumzo. Siku moja Mzee alimfichia kipande cha nyama chini ya mboga.

"Kula haraka, shangazi yuko nje."

"Nitakufa."

"Utakufa na ladha mdomoni. Kula."

Kopi akala. Kilikuwa kitamu mpaka masikio yakamsisimka. Halafu hofu ikampanda, akatoka mbio, akatapika nyuma ya choo huku Mzee amemshika mabega akisema, "Basi, basi, mdogo wangu, sitakupa tena." Na kweli hakumpa tena.

Alipokua, Kopi alipata kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Alikanda unga, akaukata madonge, akayapanga kwenye trei, akangoja yaumuke, akayaingiza kwenye tanuri. Vidole vyake vilijifunza kazi kuliko kichwa chake. Akiligusa donge alijua kama maji yamepungua au hamira imelala, na kama kulikuwa na kibonge cha unga mkavu katikati alikikuta bila kutazama. Mikate ilitoka inanukia mtaa mzima, na yeye hakuwahi kulamba hata kijiko. Wenzake walimwita mtawa. Dereva aliyesambaza mikate, mtu mpole mwenye vidole vilivyojaa harufu ya petroli, alimngoja muda mrefu mlangoni asubuhi akimsaidia kubeba trei ambazo hazikuhitaji kubebwa na watu wawili. Mwishoni akasema alilokuja kusema. Kopi alitazama sakafu.

"Mimi si wa kuolewa," alimwambia. "Nitakuachia watoto bila mama."

Dereva alidhani anamkataa kwa adabu. Akaoa kwingine, na trei zikarudi kubebwa na mtu mmoja.

Kila mwaka shangazi alivaa viatu vyake vya safari, wakaenda na Kopi kliniki. Muuguzi mmoja aliwahi kuuliza kama marehemu aliacha binti mwingine.

"Yuko mmoja," shangazi akajibu, "lakini huyo mzima. Hata mafua hayamjui."

Kopi alikuwa anafunga vifungo vya blauzi. Alisikia, na aliona ni jibu zuri.

Mzee alikuwa msusi. Aliolewa na fundi wa kuchomelea milango, akazaa binti, na baada ya miaka akazaa mwingine. Alikuwa na tabia ya kupita mlango wa nyuma wa kiwanda cha mikate, mtoto mgongoni, kula maandazi yaliyovunjika. Siku hiyo alikula moja tu, akaliacha la pili mkononi.

"Titi la kushoto limegoma," alisema. "Huyu bibi mgongoni akilishika analia, analitema. Nadhani maziwa yameganda. Nalikanda na kitambaa cha moto lakini wapi."

Kopi akanawa unga, akamvuta kwenye stoo ya magunia, akamwambia afungue blauzi. Mzee akafungua huku akicheka kwamba hata mume wake siku hizi hana haraka hivyo. Kopi akaweka vidole.

Maziwa yakiganda yana joto, na ukiyasukuma yanasogea. Donge hili halikuwa na joto. Halikusogea. Lilikaa pale limeshika chini kama mzizi, na ngozi ya juu yake ilikuwa imevutwa ndani kidogo.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hajaota meno."

Mtoto mgongoni alikuwa anatafuna ukingo wa kitenge kwa meno yake mapya, meupe.

"Dada, twende hospitali. Sasa hivi."

"Usinitolee macho hayo. Yatunze matiti yako, ndiyo ya mama. Mimi ni wa baba, bwana." Akafunga blauzi. Kisha, bila kuangaliana naye, akasema kwa sauti ndogo ambayo Kopi hakuwahi kuisikia kwake, "Kwani umegusa nini?"

Hospitali Mzee alikatwa kipande kidogo cha nyama ya titi kikapimwe, wakaambiwa wangoje, wakangoja. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti iliyokauka, mtu aliyeonekana amesema maneno yale yale tangu asubuhi. Aliwaambia ni saratani, na picha zimeonyesha imeshafika kwenye ini na kwenye mifupa. Dawa zipo, alisema. Zitapunguza. Neno kuponya hakulitaja, na wote watatu chumbani walisikia kwamba hakulitaja. Akauliza nani mwingine katika familia aliugua hivi. Mzee ndiye aliyejibu, mama na mama mkubwa. Daktari akaacha kuandika, akawatazama kwa zamu.

"Na hamkuwahi kuja kupimwa?"

"Yeye alikuja," Mzee akasema, akimwonyesha Kopi kwa kidevu. "Kila mwaka."

Wote wawili wakatolewa damu, ikapelekwa mbali kuangaliwa vinasaba. Kopi alinyoosha mkono kama mtu anayelipa kitu alichokwisha kukubali kitambo. Alikuwa na hakika na lake. Kama Mzee wa baba amepata, yeye je? Alianza hata kuwafundisha wenzake kiwandani namna anavyopima hamira, ili asiwaache pabaya.

Majibu yalitoka Mzee akiwa amelazwa, nywele zimekwisha, kichwa kinang'aa kama cha baba yao kabisa. Daktari akauliza kama wanataka kusikia kila mtu peke yake.

"Sema hapa hapa," Mzee akasema. "Sisi hata nguo za ndani tuliazimana."

Daktari akavuta kiti. Akasema kuna kasoro ndogo kwenye vinasaba ambayo mama yao bila shaka alikuwa nayo, na mwenye nayo hatari yake ni kubwa sana. Wewe dada unayo. Akageuka. Wewe mdogo huna. Hatari yako ni kama ya mwanamke yeyote huko barabarani.

Kopi hakuelewa. Alimwomba arudie, na daktari akarudia.

"Lakini mimi ndiye nimefanana naye," Kopi akasema.

"Sura ni kitu kingine. Umerithi macho yake, sawa. Hili hukurithi. Kila mtoto ni kama kurusha sarafu, na sarafu haiangalii uso wa mtu."

"Na chakula? Nimekula vya kuchemsha maisha yangu yote."

Daktari aliweka kalamu chini. Alionekana anatafuta namna ya kusema bila kumuumiza.

"Chakula kina kazi yake," alisema. "Mboga, kupunguza mafuta, kutonenepa kupita kiasi, kuacha pombe, vyote vinapunguza hatari, na usiache. Lakini vinapunguza kidogo, hapa na pale. Kwa mwenye kasoro hii chakula peke yake hakitoshi. Kinachomsaidia ni kujulikana mapema. Kupimwa. Ikibidi, hata kukatwa matiti kabla ugonjwa haujaingia. Dada yako angekuja wakati ule ulipoanza kuja wewe, tungekuwa na la kufanya."

Akainuka, akagusa mguu wa Mzee juu ya shuka, akaenda kitanda kingine.

Kopi alingoja furaha, kwa sababu alidhani mtu akiambiwa hivyo hufurahi. Kilichokuja ni dereva wa mikate akibeba ncha ya trei. Akaona aibu hata kumfikiria pale.

Mzee akamgeukia.

"Kwa hiyo wewe ndiye wa baba."

"Dada."

"Umekula majani miaka yote hiyo kwa niaba yangu." Akaanza kucheka, cheko lake lile la saluni, mgonjwa wa kitanda cha pili naye akatabasamu bila kujua kisa. Cheko likageuka kikohozi, na kikohozi kikageuka kitu kingine, akajifunika uso kwa kiganja. "Ile ya kupimwa, Kopi," alisema ndani ya kiganja. "Sio mboga. Mboga zingenishinda, ningekimbia. Lakini ile ya kupimwa mngenichukua. Mngenipitia tu."

Kopi alishika mguu wa dada yake pale pale daktari alipogusa, na mguu ulikuwa baridi.

Shangazi aliambiwa jikoni. Alisikiliza akiwa amesimama, mwiko mkononi, macho makavu. Kisha akasema, "Lakini wewe ndiye uliyefanana," na Kopi akasema, "Ndiyo, shangazi," na shangazi akasema tena, polepole zaidi, "Niliwaangalia usoni wote wawili. Niliwaangalia vizuri." Akaiepua sufuria kubwa, akaimwaga kwenye ndoo ikiwa na chakula chote, akaanza kuisugua kwa mchanga. Aliisugua mpaka vidole vikatoka damu. Kopi akamshika mikono, akaimwagia maji.

Siku ya pili shangazi alimpakulia Kopi nyama. Aliweka tu sahani mbele yake. Kopi akatafuna. Ilikuwa nyama ile ile ya utotoni, na mara hii hakuna aliyemwambia aharakishe. Akaitafuna mpaka ikawa kama uzi, haikushuka. Akaitoa kwenye kiganja, akakaa nayo.

Mzee alirudishwa nyumbani kwa shangazi, kwa sababu mume wake alikuwa anashinda kazini na hospitali walisema sasa ni kumpunguzia maumivu. Harufu ya mafuta ya moto ilimtibua. Kitunguu kikikaangwa alijifunika shuka usoni. Siku moja akasema, "Nipe ile ya kwako."

Kopi akachota mboga ya kuchemsha kutoka sufuria ndogo, akamlisha kwa kijiko. Mzee akaishikilia mdomoni, akamtazama.

"Hivi ndivyo vilivyokuwa?"

"Hivyo hivyo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Pole, mdogo wangu," Mzee akasema, akameza. Baada ya vijiko vichache akageuza kichwa ukutani. "Hawa wangu," alisema akiwa ameutazama ukuta, "usije ukawaangalia usoni. Wapeleke wote wawili. Wakikua, wapeleke. Usiulize nani wa nani."

"Nitawapeleka."

"Sema kwa sauti. Wewe ukinong'ona mtu hajui umeahidi au umepumua."

Kopi akasema kwa sauti. Ilitoka imekwaruza, na yule mtoto mdogo aliyekuwa amelala chini akashtuka.

Mzee alikufa kabla mvua hazijaanza, mchana, watu wakiwa wanapita nje na mambo yao. Aliyemwosha aliomba kitambaa cha ziada kwa ajili ya kidonda cha kifuani. Kopi ndiye aliyekitoa, na ndiye aliyekiweka.

Sebule ikajaa tena kina mama. Wengine walikuwa wale wale, wamezeeka, wamekaa kuta zile zile. Kopi alikuwa anapita na trei ya chai alipoona mkono unanyooka kwenye kona alipokaa binti mkubwa wa Mzee. Mkono ukamshika mtoto kidevu. Ukamgeuzia uso dirishani kwenye mwanga.

"Huyu jamani ni marehemu mtupu. Tazameni taya hilo. Huyu wa kumwangalia sana. Yule mdogo ana nafuu, kamchukua baba yake."

Wenzake wakaguna. Mtoto alikuwa ametulia, ameacha uso wake mkononi mwa mgeni, anatazama dirisha kama alivyogeuzwa.

Kopi akaweka trei chini. Hakuna aliyewahi kumsikia akikatiza mazungumzo, na ndiyo maana walichelewa kujua ni yeye anayesema.

"Mwacheni uso."

"Tunasema tu, mwanangu. Kwa wema."

"Najua ni kwa wema. Mwacheni."

Mkono ukaachia. Mmoja akaanza kuuliza habari za maji kukatika, na mazungumzo yakafuata njia hiyo.

Wageni walipopungua, Kopi aliingia jikoni. Shangazi alikuwa amechutama mbele ya moto, mgongo umepinda, na mbele yake zilikuwa sufuria mbili. Kubwa ilinukia kitunguu. Ndogo ilikuwa inatoa mvuke kwa ubavu wa mfuniko.

"Ya nani hii?" Kopi akauliza, ingawa alijua.

"Ya yule mkubwa," shangazi akasema bila kugeuka. "Kamchukua mama yake. Safari hii sitakosea."

Kopi alitaka kumwambia. Alikwisha kumwambia. Alimwambia alivyosema daktari, habari ya sarafu na habari ya uso, akamwambia tena, na shangazi aliitikia kwa kichwa kila mara kama mtu aliyeelewa. Sasa akaona mikono yake, vidole vyenye makovu ya mchanga, inavyolinda ule mfuniko usimwage mvuke. Ikiondolewa ile sufuria, mikono ile ingebaki na nini?

Hata hivyo aliiondoa. Akaimimina ndogo ndani ya kubwa, mboga juu ya nyama, akakoroga mara moja. Shangazi alimtazama akifanya hivyo. Alijifuta tu macho kwa mgongo wa mkono, akasogea kumpisha.

Wakala wote chakula cha aina moja. Haikuwa nzuri: mboga zilipoza nyama, chumvi ikapotea. Binti mkubwa alikula polepole, amekaa karibu na Kopi mpaka magoti yao yakagusana.

"Mama mdogo," alisema, "hiki ndicho kinachozuia?"

"Kinazuia nini?"

"Kilichomuua mama."

Kopi alitafuta jibu la kumpa mtoto. Alimkumbuka daktari, alikumbuka neno kidogo, hapa na pale. Alifikiri miaka mingapi ilibaki kabla msichana huyu hajafika umri wa kunyoosha mkono atolewe damu, na mdogo wake baada yake, na yeye Kopi katikati, mzima, anawangojea.

"Hapana," alisema. "Ni chakula tu. Kula."

Mtoto akala. Kopi akamwangalia mikono, kijiko, magoti, miguu isiyo na viatu. Usoni hakumwangalia.